Macho Yanapogeuka Manjano: Tuelewe Kansa ya Mfuko wa Nyongo



Katika kazi ya kutembelea wagonjwa, sisi wachungaji tunakutana mara nyingi na habari zinazofanana. Mtu, na mara nyingi ni mama mwenye umri, anaumwa tumbo upande wa kuume, chini ya mbavu. Anatibiwa gastriti, kisha tifoide, kisha minyoo. Miezi inapita. Siku moja macho yake yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa, anajikuna mwili mzima usiku na mchana, na nguo zinaanza kumpwaya. Hapo watu wa nyumbani wanaanza kusemezana kwa sauti ya chini: amelishwa sumu, ni karuho. Jina la jirani linatajwa, au la mke-mwenza, au la bibi mmoja mjane asiye na mtetezi. Mgonjwa anapelekwa kwa mtu wa kumtapisha, kisha kwenye chumba cha maombi, na hospitali inakuwa mlango wa mwisho kabisa.

Si kila mtu mwenye dalili hizo ana kansa. Magonjwa mengi yanaweza kuzileta. Lakini moja kati ya hayo ni kansa ya mfuko wa nyongo, ugonjwa ambao wengi wetu hatujawahi hata kusikia jina lake. Sisi si madaktari. Tunaeleza hapa mambo ambayo madaktari wanafundisha, ili familia zetu zijue njia ya kupita. Na kama msomaji atashika neno moja tu, basi ashike hili: macho ya manjano ni swali la kuulizwa kwenye ekografi, si la kuulizwa kwa jirani.

Mfuko wa nyongo ni nini?

Kila aliyewahi kuchinja kuku au mbuzi anaijua nyongo: kale kamfuko ka kijani kalikoshikamana na ini, kanakotolewa kwa uangalifu kasipasuke na kuharibu nyama kwa uchungu wake. Mwanadamu naye anao. Uko chini ya ini, upande wa kuume, na umbo lake ni kama avoka ndogo, urefu wa sentimita 7 hadi 10.

Nyongo yenyewe haitengenezwi na mfuko huo. Inatengenezwa na ini, na mfuko ni ghala tu. Tunapokula chakula chenye mafuta, kwa mfano sombe iliyopikwa na mawese, mfuko unajikaza na kusukuma nyongo katika mfereji mwembamba hadi kwenye utumbo, ili isaidie kuyeyusha mafuta. Mfereji huo ukizibwa na jiwe au na uvimbe, nyongo inakosa njia na kurudi katika damu. Ndiyo sababu macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa mweusi, choo kinakuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, na ngozi inawasha. Manjano ya macho ni rangi ya nyongo yake mwenyewe iliyokosa njia.

Mtu anaweza kuishi bila mfuko huu. Daktari Carl Langenbuch wa Berlin, Ujerumani, aliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1882, na mgonjwa wake akapona. Tangu hapo, watu wengi sana duniani wameondolewa mfuko wa nyongo na wanaishi vizuri, kwa sababu ini linaendelea kutengeneza nyongo na kuipeleka moja kwa moja kwenye utumbo.

Kansa hii inatoka wapi?

Kansa ni chembe za mwili zinazoacha utaratibu wake na kuongezeka ovyo. Katika mfuko wa nyongo, mara nyingi zinaanzia katika ukuta wa ndani ambao umeumia na kuvimba kwa miaka mingi. Kinachouumiza zaidi ni mawe ya nyongo, yaani vijiwe vinavyoganda ndani ya mfuko. Wagonjwa wengi wa kansa hii wanakutwa na mawe. Hata hivyo, mwenye mawe asikate tamaa: kati ya watu 100 wenye mawe, zaidi ya 95 hawatapata kansa hii maishani mwao. Mawe yanayoleta maumivu yanatibiwa kwa kuondoa mfuko. Mawe yaliyotulia, daktari anaweza kushauri kuyaangalia tu.

Kuna sababu nyingine inayotugusa sisi kwa karibu: tifoide. Vijidudu vya tifoide vinaweza kujificha katika mfuko wa nyongo kwa miaka, hata baada ya mtu kujiona amepona, na wale wanaobaki navyo wako katika hatari zaidi. Kwa hiyo maji safi, choo kizuri, kunawa mikono na kumaliza dawa zote tulizoandikiwa ni kinga pia upande huu. Mambo mengine yanayoongeza hatari ni umri mkubwa, uzito uliopita kiasi, kuwa na ndugu wa damu aliyepata ugonjwa huu, na vinyama vinavyoota katika ukuta wa mfuko na kupita sentimita 1. Wanawake wanaupata zaidi kuliko wanaume, mara mbili hivi au zaidi.

Ugonjwa huu si wa kila siku. Kwa hesabu za dunia nzima za mwaka 2022, waliogunduliwa nao walikuwa karibu watu 122,000. Uko zaidi katika nchi za Chile na Bolivia, huko Marekani ya Kusini, na kaskazini ya India. Nchini Chile mzigo ni mkubwa kiasi kwamba tangu mwaka 2006 serikali inawahakikishia watu wa miaka 35 hadi 49 wenye mawe ya nyongo upasuaji wa kuondoa mfuko, ili kuzuia kansa.

Tulifikiri juu ya jambo hili. Akina mama wa Chile wanakonda namna hii, macho yao yanakuwa manjano namna hii, na wanakufa namna hii. Hakuna jirani wa Bukavu au wa Butembo aliyewalisha kitu. Ugonjwa ni uleule. Basi kwa nini huko uitwe kansa, na kwetu uitwe sumu?

Kwa nini inachelewa kujulikana?

Mwanzoni kansa hii haiumi. Inakaa chini ya ini, mahali ambapo mkono hauifikii kwa urahisi. Inapoanza kuuma, inafanana na mawe au na gastriti: tumbo kujaa, kichefuchefu, maumivu upande wa kuume yanayopanda hadi mgongoni au begani. Watu wengine inagunduliwa kwa bahati, wakati wa kupasuliwa kwa ajili ya mawe. Wengine inagunduliwa tu wakati macho yamegeuka manjano, na mara nyingi wakati huo imekwisha kugusa mfereji wa nyongo au ini.

Lakini manjano si hukumu ya kifo. Yanaweza kutoka kwa jiwe lililoziba mfereji, na hilo linatibika. Yanaweza kutoka kwa ugonjwa wa ini wa hepatiti, kwa malaria kali, kwa kansa ya kongosho au kansa ya ini. Kila moja ina matibabu yake. Anayekunywa dawa ya kutapisha hatibu hata moja kati ya hizo, na mwili uliokwisha kudhoofika unapoteza maji na nguvu zilizobaki.

Uchunguzi, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni mazungumzo. Muuguzi wa kituo cha afya au daktari atauliza maumivu yalianza lini, yako wapi, mgonjwa amekonda kiasi gani. Kisha atapapasa tumbo. Mwambieni yote, hata dawa za majani alizokunywa. Hakuna aibu hapo, na kuficha kunaweza kumpotosha.

Hatua ya pili ni damu. Labo itapima rangi ya nyongo iliyomo katika damu, kazi ya ini, malaria na hepatiti. Kuna pia kipimo kinachoitwa CA 19-9, ambacho kinaweza kupanda kwa mtu mwenye kansa hii. Lakini kinaweza kupanda pia kwa sababu ya mawe tu, kwa hiyo peke yake hakithibitishi neno.

Hatua ya tatu ni ekografi, na hapa ndipo tunapoomba familia zisichelewe. Ekografi haiumi na haichomi. Daktari anapaka mafuta juu ya tumbo na kupitisha kifaa kinachoonyesha picha. Hospitali nyingi kubwa za zoni za afya zinayo. Mgonjwa aende bila kula kwa saa 6 hadi 8, kwa sababu mfuko uliokwisha kumwaga nyongo unajikunja na hauonekani vizuri. Ekografi inaweza kuonyesha mawe, ukuta uliokuwa mnene kuliko kawaida, kinyama kinachoota ndani, au mfereji uliopanuka kwa sababu umezibwa.

Hatua ya nne ni skaneri, ambayo inapatikana katika miji mikubwa. Inaonyesha kama uvimbe umeingia katika ini, katika tezi au katika mishipa ya damu. Kutokana na picha hiyo madaktari wanajua kama upasuaji wa kuponya unawezekana.

Hatua ya tano ni kuchunguza kipande cha nyama kwa darubini. Hiyo ndiyo inayothibitisha kansa. Hapa familia nyingine zinashangaa: kama uvimbe unaonekana unaweza kutolewa wote, mara nyingi daktari hachomi sindano kwanza kuchukua kipande. Hafichi kitu. Anaogopa sindano isije ikamwaga chembe za kansa ndani ya tumbo. Atatoa mfuko wote, ndipo upelekwe kuchunguzwa.

Tena kuna jambo dogo lenye uzito mkubwa. Baada ya upasuaji wa mawe, familia nyingine inapewa mawe katika chupa, inayapeleka nyumbani na kuyaonyesha wageni. Lakini kansa haikai katika mawe, inakaa katika ukuta wa mfuko. Kwa hiyo, kabla ya upasuaji ulizeni kwa heshima: "Daktari, mfuko utakaotolewa utapelekwa kuchunguzwa kwa darubini?" Kama kuna malipo yake, yahesabiwe mapema pamoja na gharama nyingine. Na matokeo yakirudi, hata baada ya majuma kadhaa, mtu aende kuyachukua na kumpelekea daktari ayasome. Karatasi iliyobaki katika kabati ya hospitali haimsaidii mgonjwa.

Matibabu

Matibabu yanategemea kansa imefika wapi katika ukuta wa mfuko na nje yake.

Kama bado iko katika tabaka la ndani kabisa la ukuta, kuondoa mfuko peke yake kunatosha, na karibu wagonjwa wote wa kundi hilo wanapona. Ndiyo sababu tunasisitiza sana juu ya kuchunguza mfuko: kuna mtu aliyepona bila hata kujua kwamba alikuwa na kansa, na kuna mwingine anayehitaji upasuaji wa pili lakini hajui.

Kama imeingia katika tabaka la misuli au kupita hapo, upasuaji unakuwa mkubwa zaidi. Daktari anaondoa mfuko pamoja na sehemu ya ini iliyo jirani yake na tezi za karibu. Kama mfuko ulikwisha kutolewa na kansa ikajulikana baadaye, mgonjwa anaweza kurudishwa kupasuliwa tena. Kazi hiyo inataka daktari mpasuaji mwenye uzoefu wa ini na hospitali yenye damu na uangalizi mzuri. Baada yake mara nyingi mgonjwa anapewa vidonge vya kapesitabini kwa muda wa miezi 6 hivi, ili kupunguza hatari ya kansa kurudi.

Kama imekwisha kusambaa, upasuaji wa kuponya hauwezekani. Hapo zinatumika dawa za kansa zinazotiwa kwa serumu, ambazo wengi wetu tunaziita shimio. Mbili zinazojulikana zaidi kwa ugonjwa huu ni jemsitabini na sisplatini. Utafiti uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2010 ulihusu wagonjwa wa kansa za njia ya nyongo ambao hawakuweza kupasuliwa. Waliopewa dawa hizo mbili pamoja waliishi kwa kadiri ya karibu miezi 12, na waliopewa jemsitabini peke yake karibu miezi 8. Tunataja hesabu hiyo ili watu waamue wakijua ukweli. Dawa hizo zinaongeza muda na zinaweza kupunguza mateso, lakini kwa hali hiyo kwa kawaida hazimalizi kansa.

Kwa wale wa mashariki ya nchi yetu, vituo vya kansa vinavyojulikana katika nchi jirani ni Butaro, nchini Rwanda, kilichofunguliwa mwaka 2012, na Uganda Cancer Institute, mjini Kampala, kilichoanza mwaka 1967. Kufika huko kunategemea hali ya mipaka, hati za safari na fedha. Kwa hiyo, kabla ya kuuza shamba au ng'ombe, tunashauri familia imwulize daktari maswali matatu. La kwanza: matibabu haya ni ya kuponya, au ni ya kupunguza mateso na kuongeza siku? La pili: gharama yote ni kiasi gani, mpaka mwisho? La tatu: kama hatuwezi, ni nini kinachoweza kufanyika hapa karibu? Mgonjwa mwenyewe awepo na asikilizwe, kwa maana mwili ni wake.

Na kila mara kuna kitu kinachoweza kufanyika. Mfereji uliozibwa unaweza kufunguliwa kwa bomba dogo. Linapitishwa kinywani kwa kifaa maalum au kwa ngozi ya tumbo, na hospitali nyingine zinafanya upasuaji mdogo wa kuipa nyongo njia mpya. Manjano yanapungua, mwasho unatulia, mtu anapata usingizi. Maumivu makali yanatibiwa kwa morfini. Wengi wanaiogopa wakidhani ni dawa ya kumaliza mtu. Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari, inampa mgonjwa nafasi ya kukaa, kuongea na watoto wake, kula kidogo, kuomba. Homa kali yenye kutetemeka kwa mtu mwenye manjano ni hatari: nyongo iliyosimama imeambukizwa, na lazima afike hospitali siku ileile.

Kazi ya kanisa

Kwanza, tusitaje jina la mtu. Rafiki za Ayubu walikaa naye vizuri siku saba, wakimya. Walianza kukosea walipofungua kinywa kutafuta mwenye kosa. Nasi tunajua yale yanayotokea mtaani pale jina la mama mzee linapotajwa: nyumba inachomwa, mtu anapigwa mawe, watoto wanafukuzwa kijijini. Mchungaji au mzee wa kanisa anayesema katika maombi kwamba ameonyeshwa aliyeweka sumu, huku mgonjwa hajapigwa hata ekografi moja, anahatarisha maisha ya watu wawili.

Pili, maombi na dawa visigombane. Mfalme Hezekia aliomba na Mungu akamsikia, na Isaya huyohuyo aliyeleta jibu la Mungu aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Tuwaombee wagonjwa, tuwawekee mikono, lakini pasiwe na mtumishi wa Mungu anayemwambia mgonjwa aache dawa kama ushuhuda wa imani. Tena mtu anayekonda namna hiyo asifungishwe kula siku tatu. Wenye afya na wafunge kwa ajili yake.

Tatu, tuchange mapema. Tunajua kuchanga siku ya kilio: jeneza, chakula, magari, viti. Sehemu ya fedha hizo, kama ingetoka miezi sita mbele, ingelipa nauli ya moto na ekografi. Mashemasi na vikundi vya akina mama wanaweza kuwa na mfuko mdogo wa uchunguzi tu. Kanisa lenye mutualite ya afya lichunguze kama ekografi na upasuaji vimo ndani yake. Na kule ambako barabara haipitiki na mgonjwa anabebwa kwa tipoyi, vijana wa kwaya wana mabega.

Nne, tumwombe daktari aeleze familia yote ugonjwa ni nini, mchungaji akiwapo, kama mgonjwa anakubali. Neno hilo lililosikiwa na masikio mengi linazuia mengi baadaye. Siku ya maziko, mtu akianza kunong'ona kuhusu jirani, wako wanaoweza kusimama na kusema: tuliisikia sababu, ilikuwa kansa, na hakuna mtu aliyemfanyia kitu.

Basi, mpendwa msomaji, ukiona kwako au kwa mtu wa nyumbani macho ya manjano, mkojo mweusi na choo cheupe, nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Maumivu ya upande wa kuume yanayorudi-rudi kwa majuma, au kukonda bila sababu, yaombeni ekografi juma hilohilo. Huenda litakuwa jiwe tu, na mtamshukuru Mungu. Huenda itakuwa kansa, na mtakuwa mmefika wakati bado kuna la kufanya. Kwa vyote viwili, jirani yenu atakuwa amebaki jirani, na ataweza kuja kumtazama mgonjwa akiwa na uji mkononi.

Bwana awalinde na kuwapa hekima.